"Hela Ilitumika": kisa cha mwanikaji wa Kibirizi mwaka ziwa lilipofungwa

Jumamosi moja ya Julai 2024, mama mmoja, mwanikaji wa dagaa kutoka Kibirizi, mwalo (mahali vinapotia nanga vyombo vya uvuvi) wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, alibisha hodi kwangu Ujiji kabla jua halijakolea. Akaniamkia "mwakeye", akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayetegemea kuambiwa aondoke. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa chenye wanachama 25. Yeye alikuwa mwenzetu, na hatukuwa tumemwona kwenye kikao kwa zaidi ya mwezi.

"Mwalimu, mambo yameharibika," alisema.

Nikamwambia anisimulie. Yafuatayo ninayaandika kwa ruhusa yake, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Alinisisitizia pia niandike na yale yanayomtia aibu, maana, alivyosema, hayo ndiyo yenye faida kwa mwingine.

Alisimulia hivi, na nilinukuu karibu neno kwa neno kwenye daftari la kikundi lililokuwa mezani: "Mvua ilinyesha, dagaa wakaharibika. Hela ya mkopo ikatumika. Rejesho likashindikana. Nikajikuta kwa watu wa kausha damu. Mara ziwa likafungwa. Madeni yakaongezeka, nikashindwa hata kuja kikaoni. Ndiyo hivyo, Mwalimu, imetokea." (Kausha damu ni mikopo ya mtaani yenye riba kali.)

Nimefundisha kauli za vitenzi kwa miaka mingi, na sikio langu halikuweza kupita pale. Katika maelezo yote yale kulikuwa na mtendaji mmoja tu asiyejificha, nayo ni mvua. Dagaa waliharibika, hela ilitumika, rejesho lilishindikana, madeni yaliongezeka. Kauli ya kutendeka ina kazi yake njema katika lugha yetu, maana kuna mambo ambayo kweli hayana mtendaji: mti huvunjika kwa upepo, maji hufurika. Lakini hela haina miguu. Kuna mtu aliitumia, na mtu huyo alikuwa amekaa mbele yangu. Na hilo neno "nikajikuta" ndilo kificho kikubwa kuliko yote, kwa sababu linaanza na "ni-" kama la mtu anayekiri, halafu linamfikisha mahali bila kueleza alitembeaje.

Sikumkosoa siku ile. Nilimpa chai na muhogo wa kuchemsha, nikamwomba jambo moja: arudie kisa kile kile polepole, na kila tukio aliweke katika moja ya mafungu matatu. La kwanza, nilitendewa. La pili, lilitendeka bila mtu. La tatu, nilitenda mimi. Tulikaa hadi adhuhuri.

Kufungwa kwa ziwa kuliingia fungu la kwanza bila ubishi. Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaliana, kutokana na makubaliano ya nchi nne zinazochangia ziwa hili: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Sababu zake ninaziunga mkono. Yeyote aliyekuwa akinunua migebuka sokoni miaka thelathini iliyopita anajua kilichopungua. Hata hivyo, kwa mwanikaji ambaye chakula cha watoto wake wanne kinatoka kwenye ndoo ya dagaa wabichi, miezi mitatu ni miezi mitatu, na si yeye aliyeipanga.

Ila tarehe ya kufunga haikumshtukiza mtu mwaloni. Ilitangazwa mapema, vikao vilifanyika, wenye vyombo walikuwa wanajua na waanikaji walikuwa wanajua. Alipofika hapo mwenyewe alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Nilijua. Ndiyo maana nilikopa."

Hapo kisa kikabadilika kabisa. Mwanzoni mwa Aprili alichukua kwetu shilingi 600,000 za kurejesha kwa wiki 12, 55,000 kila wiki, ili anunue dagaa wengi kabla ya kufungwa, awakaushe, awahifadhi, awauze ziwa likiwa limefungwa na bei imepanda. Lilikuwa wazo zuri sana. Nalisema kwa sababu katika aibu yake alishalisahau: kabla ya kuharibikiwa, alikuwa amepanga. Tena alipanga kwa ujuzi wa watu wa ziwa. Uvuvi wa dagaa ni wa giza. Taa ndizo zinazowavuta wapande juu usiku, na mbalamwezi ikikomaa taa hazifui dafu. Kwa hiyo kila mwezi wavuvi hupumzika siku kadhaa, na mwanikaji mwenye akili hubakiza kilo chache za kuuza siku hizo. Huyu mama alikuwa amefanya hivyo tangu usichana wake. Kufungwa kwa miezi mitatu kwake kulikuwa mbalamwezi ndefu, na alijua dawa yake.

Kilichomwangusha ni turubai.

Alinunua ndoo kumi kwa siku mbili, akatoa kama laki tano na nusu. Aprili ile ilikuwa ya masika makali. Chanja za kuanikia zilikuwa na nafasi za kulipia, yeye akaona aokoe hela kidogo, akatandaza ndoo saba mchangani na tatu chanjani kwa jirani. Mvua ikaja alasiri, ikarudi alfajiri, ikapiga tena siku ya pili. Za chanjani ziliokolewa, kwa sababu jirani alikuwa na turubai. Za mchangani ziligeuka rangi, zikaanza kunuka, akawauza dagaa wale kwa watu wa chakula cha kuku kwa shilingi 90,000 zote kwa pamoja.

Tulibishana sana juu ya fungu la kuiweka siku ile. Yeye aliyatupa yote fungu la tatu: "Ni mimi, Mwalimu, ni ujinga wangu." Nilikataa. Mvua ya siku mbili mfululizo haikuwa yake. Kutandaza mchangani katika masika, bila turubai, kwa kuokoa ada ya chanja, hilo lilikuwa lake. Na hata hapo kuna kiasi: si kila aliyetandaza mchangani Aprili ile alipoteza ndoo saba, wengine walitandaza siku nyingine wakapona. Nilitaka alione kosa lenyewe kwa ukubwa wake halisi. Mtu anayesema "yote ni mimi" hana la kurekebisha kama vile asemaye "yote ni mvua", kwa kuwa hakuna awezaye kurekebisha "yote". Turubai linaweza kununuliwa. Mwisho tuliandika sentensi mbili, moja chini ya nyingine: Mvua ilinyesha. Niliwatandaza mchangani nikijua ni masika. Alizisoma kwa sauti mara mbili.

Baada ya hapo yeye mwenyewe akashika kalamu.

"Nikajikuta kwa watu wa kausha damu" ikawa hivi: wiki ya mwisho ya Aprili, rejesho la nne likikaribia, aliona aibu kuja kutuambia. Akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, akachukua 300,000 za kulipa 13,000 kila siku kwa siku 30, yaani 390,000. Akatulipa sisi rejesho moja, nyingine akala na watoto. Akalipa siku 11. Zilipomshinda akaenda kwa mkopeshaji wa pili, akachukua 200,000 za kurudisha 270,000, akampa wa kwanza laki moja, akalipa wa pili siku tano, akasimama. Hapo ziwa lilikuwa limeshafungwa.

Nilimwuliza anadaiwa kiasi gani kwa jumla. Akasema labda milioni moja na nusu. Hakuwa amejumlisha hata mara moja. Kila alipoanza alihisi kizunguzungu. Tukajumlisha pale pale. Kikundi 440,000, mkopeshaji wa kwanza 147,000, wa pili 225,000. Jumla 812,000. Ni hela nyingi kwa mwanikaji, lakini ni karibu nusu ya lile zimwi alilokuwa akilala nalo. Aliangalia tarakimu zile, akavua kilemba, akakifunga upya. Nimekumbuka ishara hiyo kuliko maneno yote ya siku ile.

Mume wake nitampita haraka. Alikuwa kibarua kwenye kipe, chombo kilipopandishwa nchi kavu akaenda upande wa Uvinza kutafuta kazi, akatuma hela mara mbili. Hakuwa mbaya wala msaada mkubwa.

Kuna jambo moja ambalo majirani walimsema vibaya, na hapa sitakubaliana nao. Kati ya Juni mwanzoni na mwisho wake alilala ndani. Asubuhi watoto walienda shule wenyewe, yeye hakwenda mwaloni, sokoni wala msibani. Mtaani wakasema ni mvivu, amezoea kubebwa. Mwaka 1967 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walichapisha majaribio waliyofanya kwa mbwa. Waliona kwamba mnyama aliyepigwa shoti asizoweza kuzizuia huacha kuhangaika hata pale njia ya kutoka inapofunguliwa. Wakasema amejifunza kutojiweza. Lakini karibu miaka hamsini baadaye, mwaka 2016, watafiti hao hao waliandika kwamba walikuwa wamelishika jambo kinyume. Kulegea, walisema, ndiko kunakokuja kwenyewe taabu ikidumu. Ubongo haujifunzi kulegea. Kinachofundishwa ni kuona kwamba ninachofanya kinabadilisha kitu.

Ninaona uzito mkubwa katika masahihisho hayo. Kama kulala ndani kungekuwa tabia mbaya aliyoizoea, dawa yake ingekuwa kumkaripia. Ikiwa ndivyo mwili unavyojibu taabu ndefu, basi anachohitaji ni tendo dogo ambalo matokeo yake atayaona kwa macho, tena leo. Kujumlisha madeni lilikuwa tendo hilo. Lilichukua dakika tano.

Sasa inanibidi niandike kuhusu kikundi, na kuhusu mimi.

Katika muhtasari wa kikao cha mwisho wa Juni kuna sentensi hii, kwa mwandiko wangu: "Jina lake limeondolewa kwa kutohudhuria vikao vitatu." Limeondolewa. Mimi ndiye niliyeliondoa, nikaukata mstari kwa rula. Katiba yetu inasema kwamba kabla ya kumwondoa mwanachama, wawili kati yetu wamtembelee nyumbani. Hatukwenda. Kutoka Ujiji hadi Kibirizi si safari ya kutisha; bodaboda inafika. Nilijiambia kwamba watu wana shughuli, kwamba deni ni deni, kwamba akitaka atakuja. Nilipokuwa nikimwonyesha kauli ya kutendeka katika maneno yake, daftari lenye kauli yangu lilikuwa chini ya kiwiko changu. Nilifungua ukurasa ule nikamwonyesha. Nikaandika chini yake, na tarehe: "Nilimwondoa bila kumtembelea kama katiba inavyotaka." Hakusema kitu. Kikao kilichofuata niliisoma mbele ya wote, tukamrudisha, na mwenyekiti akasema yeye pia alijua tunapaswa kwenda.

Jumatatu iliyofuata mama huyu alifanya jambo ambalo mimi nisingethubutu: aliwaendea wakopeshaji kabla hawajamjia. Yule wa pili vijana wake walikuwa wamechukua redio na meza Juni, bila kumwambia vimepunguza deni kwa kiasi gani. Aliomba aandikiwe. Walimzungusha, akakaa barazani kwao hadi saa nane mchana, wakaandika 60,000. Hakuna mkataba aliokuwa amepewa, ni kijidaftari tu chenye tiki. Hilo ni kosa lao, na nataka lionekane wazi katika fungu la kwanza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na anayekopesha kwa tiki huku akibeba meza za watu anastahili kuripotiwa. Yule mama kutaja makosa yake hakukuyafuta ya kwao hata kidogo. Kwa maoni yangu kulimpa uthabiti wa kukaa pale barazani, kwa sababu alishajua lipi lake na lipi lao.

Kisha chanja. Julai Kibirizi zilikuwa tupu, mbao zimekauka, na jua la kiangazi linawaka toka asubuhi hadi jioni bila wingu. Alikuwa akizipita kila siku akiona msiba. Safari hii aliona jua. Alimwomba jirani yule mwenye turubai atumie chanja yake bila malipo hadi ziwa lifunguliwe, akaisugua kwa sabuni siku mbili, akatandika turubai juu kuzuia harufu, akaanza kukausha muhogo unaoletwa kutoka vijijini. Kazi ya kukausha anaijua mikononi: kugeuza kwa wakati, kutolundika, kuanua kabla ya umande. Mnunuzi mmoja alirudisha gunia akisema linanuka samaki, na ni kweli lilinuka, akarudisha hela. Kwa wiki nne alibakiwa na faida ya 118,000. Alilipa madeni 80,000, iliyobaki ikawa unga na daftari za shule. Kiasi hicho hakimkomboi mtu. Lakini alikuwa ametoka ndani.

Nilipokisoma kisa hiki kikundini kwa ruhusa yake, binti mmoja, mdogo kuliko wote kwetu, alisimama akasema: "Shikamoo, Mwalimu. Naomba kuuliza. Tukimfundisha huyu mama kusema 'nilitenda', nani atauliza wavuvi na waanikaji walipewa nini kwa miezi mitatu ya kukaa? Hii si njia ya kuwaambia maskini kwamba umaskini ni wao?"

Swali lile limenikalia. Ana haki. Nimewasikia watu wakihubiri uwajibikaji kwa walalahoi huku wao hawajibiki kwa lolote, na lugha hiyo inaumiza. Ningekuwa nimembwagia mama huyu kila kitu katika fungu la tatu, binti angekuwa amenishika. Jibu sikulitoa mimi. Mama mwenyewe alimwambia: "Mwanangu, nilipokuwa nalala ndani sikuwa nauliza chochote. Hata hiyo haki yangu nilikuwa sijui ni ipi." Mwezi Agosti, kwenye mkutano wa mwalo, aliinuka akauliza hadharani kuhusu ada ya chanja kwa wanawake wasio na mtaji, na kwa nini kikundi cha waanikaji hakijasaidiwa kuomba ile mikopo inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo nne ni ya wanawake. Aliuliza akiwa na karatasi mkononi yenye hesabu zake. Hajajibiwa vya kuridhisha. Ataendelea kuuliza, na binti yule sasa humsindikiza.

Ziwa lilifunguliwa katikati ya Agosti. Mwaloni watu walijaa, kila mmoja akitaka kununua nyingi kufidia miezi iliyopotea, na wakopeshaji nao walikuwepo. Yeye alinunua ndoo mbili kwa hela yake mwenyewe, akalipia chanja. Oktoba alinunua turubai. Madeni ya wale wawili yaliisha mwanzoni mwa Novemba. Letu bado lina 210,000 hadi ninapofunga mwaka, na kila wiki analeta kitu, hata kama ni elfu tano.

Mwishoni mwa Novemba mvua zilirudi. Jioni moja simu yangu ililia, nikasikia upepo na kelele za watu wakikimbia mwaloni, na sauti yake inahema.

"Mwalimu, mvua imenyesha! Nilikuwa na nne juu. Tatu nimezifunika. Moja nilichelewa, nilikuwa naongea na mtu."

"Imeloa sana?"

"Nusu. Nitaigeuza kesho, nitakwambia."